Mchanga Uliowekwa Kuwa Mpaka

Leo nataka tuzungumze juu ya pwani yetu, na juu ya ukuta ambao watu wengi huuona kila siku bila kujua kwamba ni ukuta. Nawe unayenisikiliza ukiwa Nyeri au Machakos, tafadhali usizime redio yako. Udongo wa shamba lako ukichukuliwa na mvua huingia mto Tana au mto Athi, na mwisho wa mito hiyo ni bahari. Basi neno hili ni lako pia.

Katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 5 na mstari wa 22, Mungu anawauliza watu wake kama hawamwogopi, Yeye aliyeweka mchanga kuwa mpaka wa bahari. Mawimbi hunguruma na kujirusha, lakini mpaka ule hayauvuki. Usome mstari huo nyumbani, uutafakari. Mungu hakuizuia bahari kwa chuma. Aliizuia kwa mchanga, kitu ambacho mtoto aweza kukichota kwa kiganja chake. Je, umepata kujiuliza mchanga huo nao unashikwa na nini?

Mimi sikupata kujiuliza, mpaka siku nilipoulizwa na mtu mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihudumu katika kanisa dogo karibu na mkono wa bahari, upande wa kusini wa pwani yetu. Watoto wa chekechea walikuwa wakisomea chini ya mwembe, nasi tukaazimia kuwajengea darasa. Tulichanga fedha, tukanunua boriti korija nne kwa mchuuzi, tukamshukuru Mungu kwa kuwa bei ilikuwa nafuu.

Siku tulipokuwa tukizipanga uani alikuja mama mmoja mzee wa Umoja wa Akina Mama, ambaye maisha yake yote alijipatia riziki kwa kuokota chaza na kukamata kaa. Alizitazama zile boriti kwa muda, kisha akaniuliza, “Padre, hizi zimetoka wapi?”

“Tumezinunua, mama,” nikamjibu. “Risiti tunayo.”

Akasema, “Mimi nazijua. Zilikuwa zimesimama nyuma ya nyumba yangu. Bamvua iliyopita maji yameingia jikoni kwangu, yakazima moto. Sasa, baba, hiyo risiti yenu itayazuia maji?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa miaka katika chuo cha theolojia. Niliweza kuieleza gharika ya Nuhu kutoka mwanzo hata mwisho, lakini sikujua ni kitu gani kilichokuwa kikiyazuia maji nyuma ya nyumba ya Mkristo wangu mwenyewe. Kesho yake, maji yalipokupwa, yule mama alinichukua ufuoni. Nikaona visiki vingi vimesimama katika matope. Nikaona minazi imelala, mizizi yake iko nje. Nikaonja maji ya kisima chake, nayo yalikuwa yameanza kuwa ya chumvi. Pale ndipo nilipoanza darasa langu, na leo nataka nikupe kidogo cha yale niliyofundishwa na mama huyu, na baadaye na wavuvi na mabwana misitu.

KUTA TATU ZA PWANI

Pwani yetu ya Kenya ni zaidi ya kilomita 500, kutoka mpaka wa Somalia hata Vanga, na sehemu kubwa ya urefu huo ina kuta tatu.

Ukuta wa kwanza ni mwamba wa matumbawe. Ukisimama Diani au Watamu maji yakiwa yamekupwa, utaona mbali kidogo mstari mweupe ambapo mawimbi huvunjika. Mwamba uko pale. Matumbawe si mawe tu kama tudhanivyo. Ni kazi ya wanyama wadogo mno, ambao hujijengea makao ya chokaa, kizazi juu ya kizazi. Wimbi litokalo bahari kuu hupiga pale kwanza, na sehemu kubwa ya nguvu zake huishia pale. Likifika ufuoni limekwisha kuchoka.

Ukuta wa pili ni majani ya bahari. Haya huota katika maji yaliyotulia kati ya mwamba na ufuo, na watu wengi huyaona kuwa ni takataka. Lakini mizizi yake huushika mchanga usichukuliwe, na humo ndimo tafi na kasa hupata malisho. Hata yale yaliyokauka na kutupwa ufuoni yana kazi, kwa maana huufunika mchanga na kuukinga wakati wa kusi.

Ukuta wa tatu ni mikoko. Kenya ina aina 9 za miti hii, na miongoni mwake watu wa pwani huijua mkoko, mkandaa, muia, mchu na mlilana. Misitu yake yote pamoja ni karibu hekta 61,000, na zaidi ya nusu iko Lamu. Ni miti ya ajabu. Huishi mahali ambapo mti mwingine ungekufa kwa chumvi. Mbegu ya mkoko huanza kuota ingali juu ya mti, ikawa ndefu kama mkuki, kisha huanguka na kujichoma katika matope. Mizizi yake husimama kama miguu mingi, nayo huyapunguza maji nguvu na kuyashika matope. Katikati ya mizizi hiyo hujificha watoto wa samaki, kamba na kaa. Kwa hiyo mtu akatapo mikoko yote ya mahali fulani hakati kuni peke yake. Anabomoa ukuta wa nyumba, na papo hapo anavunja chumba ambamo samaki wa kesho wanalelewa.

Tena kuta hizi tatu hutegemeana. Mwamba huyatuliza maji ili majani yaweze kuota. Mikoko huuzuia udongo wa mito usiende kuyafukia matumbawe. Ukibomoa mmoja, hiyo miwili mingine nayo haitadumu.

NI NANI AUBOMOAYE?

Huenda utasema, “Serikali iweke sheria.” Ndugu yangu, sheria ziko, tena za zamani. Misitu ya mikoko ilitangazwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1932. Malindi na Watamu zilifanywa mbuga za bahari mwaka 1968. Kwa karne nyingi majahazi yalichukua boriti zetu kwenda Arabuni na Ghuba, na mwaka 1982 serikali ilikataza kuziuza nchi za nje. Hata hivyo visiki bado viko. Mlinzi mmoja husimama mahali pamoja, lakini maji hujaa na kupwa kila mahali.

Wala tusimlaumu mkataji peke yake. Yeye ana watoto, nao wanataka kula jioni. Aliyeziagiza boriti ni nani? Nilikuwa mimi, na kamati yangu ya ujenzi, na maombi yetu ya shukrani. Wengine wetu hujenga ukuta wa zege mbele ya ploti, karibu kabisa na maji, tukidhani tumejiokoa. Wimbi hupiga ukuta ule, likirudi huuchukua mchanga uliokuwa mbele yake, na baada ya miaka michache ufuo wa jirani unaliwa. Wengine huchota mchanga wa ufuoni kwa ujenzi. Wengine hukanyaga matumbawe wakiwaonyesha wageni nyota za bahari.

Nasi wa bara tunayo sehemu yetu. Katika mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 mito ilileta udongo mwingi mno, hata katika mkono wa bahari wa Mwache, karibu na Mombasa, mizizi ya mikoko ikafukiwa na miti mingi ikafa. Mwaka huo huo wa 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na sehemu kubwa ya matumbawe yetu yakageuka meupe na kufa. Dunia izidipo kupata joto, kuta hizi zitajaribiwa mara nyingi zaidi. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta huu ukianguka, hakuna fundi mwenye fedha za kuujenga tena wote.

MAARIFA YAOKOAYO

Nabii Hosea, katika sura ya 4, anaomboleza kwa sababu watu wanaangamia kwa kukosa maarifa. Watu hao hawakukosa sheria wala makuhani. Walikosa maarifa, na makuhani ndio waliopaswa kuwafundisha. Neno hilo lanichoma mimi kwanza, kabla halijakufikia wewe.

Nikupe mfano wa nguvu ya mafundisho. Nitakupeleka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, maana bahari ni moja. Katika nchi ya Indonesia kuna kisiwa kiitwacho Simeulue. Mwaka 1907 wimbi kubwa lililotokana na tetemeko la ardhi liliua watu wengi huko. Wale waliosalia hawakuwa na redio wala vitabu vya kuandikia habari hizo. Waliwasimulia watoto wao, nao wakawasimulia wajukuu, kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, mtu asingoje, akimbilie mlimani. Waliliita jambo hilo kwa neno moja, smong. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitikisika tena, na katika nchi zinazopakana na bahari hii walikufa watu zaidi ya 220,000. Kisiwa cha Simeulue kilikuwa karibu sana na tetemeko lenyewe, nacho kilikuwa na watu zaidi ya 70,000. Waliokufa walikuwa 7 tu. Waliokolewa na hadithi za nyanya zao. Wimbi lile lilifika hata kwetu baada ya masaa mengi. Jirani zetu wa Somalia walipoteza watu karibu 300, lakini hapa Kenya habari zilikuwa zimetangulia, watu wakaondolewa ufuoni, na aliyekufa alikuwa mtu mmoja.

Basi, ikiwa maarifa yaweza kumwokoa mtu na wimbi la saa moja, je, hayawezi kuuokoa ufuo unaoliwa kidogo kidogo kwa miaka thelathini? Yaweza, na ushahidi uko hapa hapa nyumbani.

Nenda Gazi, katika Kwale. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa vibaya kwa ajili ya kuni za viwanda. Mwaka 1991 wataalamu wa utafiti wa bahari walianza kupanda tena pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wakaanzisha mradi uitwao Mikoko Pamoja, wa kuhifadhi hekta 117. Miti hii huivuta hewa ya kaboni, ambayo huongeza joto la dunia, na kuifungia ndani ya matope. Watu wa nchi za mbali hulipa ili kaboni hiyo ikae pale pale, na wanakijiji huamua katika mkutano fedha hizo zifanye nini. Zimetumika kuleta maji ya bomba na kusaidia shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 majirani wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wa kwao. Angalia kilichobadilika. Mtoto wa Gazi akinywa maji shuleni anajua yametoka kwenye mti gani. Mtoto wa namna hiyo ni mlinzi, ingawa hana bunduki wala sare.

Fikiri pia juu ya Kuruwitu, katika Kilifi. Huko wavuvi wenyewe, walipoona samaki wamepungua, walikubaliana karibu mwaka 2005 kuifunga sehemu ya bahari yao isivuliwe, kama hekta 30. Ni jambo gumu kumwambia mvuvi asivue! Lakini wazee walieleza, watu wakaelewa, na samaki wakarudi.

Na Lamu mafundi waliunda jahazi kwa plastiki iliyotupwa, nyingi yake ikiokotwa ufuoni, pamoja na maelfu ya ndara kuukuu. Jahazi hilo, Flipflopi, liliingizwa majini mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya nchi yetu kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hata Zanzibar, likitia nanga njiani ili watu walione na kufundishwa juu ya uchafu baharini. Mahubiri yale hayakuhitaji mimbari.

TUFANYE NINI?

Nirudi kwenye kanisa letu dogo. Baada ya kuonyeshwa vile visiki, tuliona haya, na kwa haraka ya haya zetu tukakosea tena. Tulialika watu wengi siku ya Jumamosi, tukaimba, tukapanda miche mia kadhaa ya mkoko kwenye mchanga mtupu mahali pa wazi, tukapigwa picha. Kusi ilipovuma, yote ilikwenda. Yule mama alitabasamu, akasema, “Baba, mngeniuliza.” Mara ya pili tulimwuliza, tukamwuliza na bwana misitu. Tukapanda katika matope yaliyokingwa, penye visiki vya zamani, kila aina mahali pake, na sehemu nyingine hatukupanda kitu. Tuliiacha tu bila kuikata, mbegu zikaja zenyewe na maji. Safari hii miche mingi iliishi. Tulijifunza kwamba bidii isiyo na maarifa hupanda miti ya kufa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza, nyumbani. Ukinunua mti wa kujengea, uliza lile swali la mama yule: umetoka wapi? Mvinje hupandwa mashambani pwani, nao hutoa nguzo nzuri. Waeleze watoto wako kwa nini unanunua huo. Nawe wa bara, ukikata matuta ya fanya juu katika shamba lako, unalinda mahindi yako na matumbawe ya Malindi kwa jembe moja.

La pili, shuleni. Walimu wapenzi, kibao kisemacho “Usikate miti” hakitoshi. Mtoto hulinda anachokijua kwa jina. Mpelekeni ufuoni maji yakiwa yamekupwa, ashike mbegu ya mkoko kwa mkono wake. Mwiteni mvuvi mzee aje afundishe. Kwa habari za bahari, yeye ndiye profesa.

La tatu, kanisani. Wachungaji wenzangu, katika Mwanzo sura ya 2 mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Twahubiri sana juu ya kulima, na kidogo mno juu ya kutunza. Tena katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20, Mungu aliwakataza hata askari waliozingira mji wasiikate miti ya matunda. Ikiwa jeshi vitani liliwekewa mpaka, kamati ya ujenzi ya kanisa je? Tena kazi hii si ya Wakristo peke yao. Jirani zetu Waislamu wamekaa na mikoko hii karne nyingi. Tukae nao barazani, tufundishane, maana maji yakijaa hayaulizi hii ni nyumba ya nani.

Huenda utataka kujua habari za yule mama. Sitakuficha. Miti yetu haikuwahi kuiokoa jikoni yake. Mkoko hauoti kwa siku moja, nasi tulikuwa tumechelewa. Ilimbidi ahamie kwa mwanawe, mbali kidogo na maji. Darasa lilijengwa kwa boriti zile zile, kwa kuwa zilikwisha kukatwa. Lakini tulikubaliana kwamba kila mwaka, watoto wapya wakiingia, somo lao la kwanza liwe ufuoni, na mwalimu wao awe yeye. Nilipoondoka parokia ile alikuwa bado akiwatangulia na fimbo yake, watoto nyuma yake wakimwita bibi, na kila mmoja akibeba mbegu moja. Hakunilaumu hata siku moja. Aliniambia tu, “Sasa wanajua, padre. Ningefurahi kama nanyi mngejua mapema.”

Ndugu msikilizaji, wewe sasa umesikia. Kabla ya juma hili kwisha, mwambie mtu mmoja.

Tuombe. Ee Mungu, uliyeiwekea bahari mpaka, utusamehe tulipoubomoa kwa kutokujua, na zaidi tulipoubomoa tukijua. Uwabariki wavuvi, walimu na watoto wa pwani yetu. Utupe maarifa, na utupe moyo wa kuyafundisha kabla ya maji kuingia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.